Mkonga wangu wa 1HZ unakata nguvu mlimani, nifunge injini gani?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nipo Arusha, nina mkonga, Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, hadtopu iliyorefushwa bodi, viti saba vya wageni na paa la kufunguka. Injini ni 1HZ ile ile iliyokuja nayo. Kwenye lami ya Makuyuni inaenda poa, ila kupanda kutoka Mto wa Mbu, na zaidi kutoka geti la Lodoare kwenda juu kreta ya Ngorongoro, inakata nguvu kabisa, naishia gia ya pili na sindano ya joto inapanda. Kuna wanaoniambia niweke 1HD-FTE, wengine V8, mmoja anasema nifunge turbo tu kwenye hiyo hiyo 1HZ. Nishike lipi? Giaboksi itahimili? Na kadi ya gari inakuwaje?"

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kutaja gari inakwama wapi, maana wengi wananiandikia "gari haina nguvu" basi, sijui ipo wapi, imebeba nini, ipo gia gani. We umesema Lodoare kwenda juu, hapo umeshanipa nusu ya jibu.

Iko hivi. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita, dizeli isiyo na turbo, yaani haina kile kipanga cha kuisukumia hewa ndani, kiwandani inatoa hosipawa kama 130 na torki, yaani nguvu ya kuvuta, Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. Namba hizo ni za usawa wa bahari, yaani ni za Dar na Tanga. Arusha mjini upo mita 1,400 hivi, ukingo wa kreta ni kama mita 2,300, na kule juu hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hewa ikipungua hamna ujanja, zile hosipawa 130 pale juu zinabaki 105 hivi, na hapo nimehesabia injini mpya kabisa, sio yako iliyokula vumbi la Serengeti miaka 30. Afu pampu yenyewe inaendelea kutuma dizeli karibu ile ile kama vile upo Dar, hewa ya kuichoma haitoshi, ndo ule moshi mweusi unaouona kwenye kioo cha pembeni, ekzosi inakuwa ya moto kupita kiasi, hedi inapata joto, maji yanapata joto, na sindano inapanda. Weka juu yake uzito. Hii gari ilitoka kiwandani na tani mbili na kidogo, leo ina bodi ndefu, paa la kuinuka, friji, tenki la pili la mafuta, tairi mbili za akiba, dereva na wageni saba na mabegi yao. Ipeleke kwenye mizani siku moja ikiwa imejaa hivyo hivyo, usikisie, ujue unabeba nini.

Kwaiyo shida yako kubwa ni hewa, ukubwa wa injini unakuja baadae. Lishike hilo maana ndo litakuchagulia injini.

Ila kabla hujatoa hata shilingi ya injini nataka ujue hiyo uliyonayo ni mzima au mgonjwa. Anza na vya bei rahisi. Filta ya hewa na maungio ya mkonga wenyewe, lile bomba refu la kuvutia hewa, pale bomba linapoingia kwenye fenda pakiwa na ufa kidogo tu injini inakula vumbi na ringi zinakwisha bila we kujua. Bomba la ekzosi, piga jicho chini kama limebondeka kwa jiwe. Breki, endesha kilomita kadhaa bila kukanyaga sana breki kisha shuka uguse rimu zote nne, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake ujue inashika na unapanda mlima na breki. Nozo zipelekwe kupimwa kwenye mashine na taimingi ya pampu ihakikiwe. Rejeta usiiangalie kwa mbele tu, fungua kondensa ya AC uone nyuma yake, gari za mbugani pale katikati panajaa mbegu za majani na udongo mpaka hewa haipiti, mtu anabadilisha themostati, anabadilisha pampu ya maji, kumbe ni majani. Na klachi ya feni, injini ikiwa imepata moto sawasawa izime halafu sukuma feni kwa mkono, ikizunguka yenyewe kwa uhuru kama pangaboi imekufa hiyo, inatakiwa iwe nzito.

Mwisho pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda zote sita. Zikiwa zinakaribiana vizuri injini yako bado ina maisha, tofauti ya yenye nguvu na dhaifu ikizidi bar 5 hivi basi hapo tunaongea habari ya kushusha injini. Kuna gari zinafika gereji mwenyewe ameshashawishiwa anunue injini, tunasafisha rejeta, nozo zinatengenezwa, klachi ya feni inabadilishwa, anarudi barabarani na 1HZ yake ameridhika. Sio lazima iwe hivyo kwako, mzigo wako ni mkubwa, ila hicho kipimo ukifanye kwanza.

Sasa tuje kwenye hizo injini ulizotajiwa, naanza na zile ambazo sikushauri.

V8 ya dizeli, 1VD-FTV, ni injini nzuri sana sibishi, ila Toyota wenyewe walipoiweka kwenye hizi gari mwaka 2007 ilibidi wapanue upande wote wa mbele, chasi, fenda na eksoli, kwa sababu injini ni pana. We unataka kuisukumia kwenye pua nyembamba ya 75. Utakata, utachomelea, utahamisha stelingi, na ukimaliza una gari ambayo hamna fundi njiani anayeielewa. Ukiwa na hela ya kazi hiyo bora uiuze hii uongeze ununue iliyotoka na V8 kiwandani. Petroli 1FZ-FE, nguvu ipo, ila nayo haina turbo kwaiyo mlima unaikata asilimia ile ile na mafuta itakayokunywa kwenye safari ya siku tano mteja hawezi kukulipia. 1KZ ya Prado na Surf ina turbo, lakini ni lita 3 tu na inajulikana kwa hedi kupasuka ikichemsha, kwa gari yenye bodi ndefu sikubali.

Turbo kwenye 1HZ yako. Aliyekwambia hakudanganya, inafanya kazi, na inajibu kabisa lile tatizo la hewa. Ila ina masharti na masharti yenyewe ndo yanayovunjwa. Injini iwe mzima kwa kompresheni, presha ya turbo iwe ndogo, bar 0.5 hivi, bomba la ekzosi liongezwe upana, na iwepo geji ya joto la ekzosi yenye sensa kabla ya turbo, mimi nasema isivuke nyuzi 650 kwa muda mrefu. Tatizo ni kwamba 1HZ dizeli inaanzia kuwaka kwenye chumba kidogo kilichomo ndani ya hedi, haiwaki moja kwa moja juu ya pistoni, kwaiyo joto jingi linabaki kwenye hedi, na ukizidisha mafuta ufa unaanzia hapo hapo kwenye vile vyumba na katikati ya valvu. Na mafuta yatazidishwa tu, maana siku ya kwanza dereva atasema imekuwa tamu, siku ya pili fundi mwingine atafungua skrubu ya pampu robo mzunguko iwe tamu zaidi. Kama gari ni ya kwako binafsi, unaendesha mwenyewe na jicho lipo kwenye geji, fanya, ni njia ya gharama nafuu. Gari ya wageni inayoshikwa na madereva tofauti tofauti, sifanyi. Hedi ikipasuka ukiwa geti la Naabi kule Serengeti na wageni saba wana ndege Seronera saa nane mchana, hasara ya siku hiyo peke yake inakula kile ulichookoa.

Tumebaki na ukoo wa 1HD, na hapa ndo jibu lako lilipo. Hizi ni ndugu wa damu wa 1HZ, ujazo ule ule wa cc 4164, silinda sita zile zile, ila zilizaliwa na turbo: pistoni zake, hedi yake, upozaji wake vyote vilichorwa kwa ajili ya kubeba ile presha. Na dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni, joto linalopotelea kwenye hedi na maji ni dogo, ndo maana kwa mwendo ule ule inakula mafuta kidogo kuliko 1HZ japo nguvu ni kubwa. Zipo tatu. 1HD-T ilikuja 1990 kwenye Land Cruiser VX ya 80 (HDJ80), hosipawa kama 165 na Nm 360. 1HD-FT ikafuata 1995, valvu 24, hosipawa 170 hivi na Nm 380. Kisha 1HD-FTE ya VX 100 kuanzia 1998, pampu ya umeme, yenye intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, inafika hosipawa 200 na Nm 430.

Unaona FTE ina namba kubwa na ndo maana kila mtu anaitaja. Na haijakatazwa, Toyota wenyewe waliifunga kwenye mikonga ya 78 na pikapu za 79, HDJ, bila intakula na wakaipunguza nguvu, kwaiyo inaishi vizuri tu ndani ya hii gari. Lakini FTE bila kontroli boksi, yaani kompyuta yake, haiwaki. Unatakiwa upate boksi lake, wayaringi yake nzima isiyokatwa, sensa zake zote, pedeli, na kama ina kinga ya wizi kwenye funguo basi na funguo na kile kipokezi chake. Wauzaji wengi wanakata wayaringi kwa mkasi ili injini itoke haraka, unanunua injini nzuri halafu unakaa miezi fundi umeme anatafuta waya wa njano wenye mstari mweusi unaenda wapi. Afu ndani ya mbuga, ile barabara yenye mawimbi kutoka Naabi kwenda Seronera inatikisa kila soketi iliyopo kwenye gari, siku sensa moja ikilegea gari inazima au inagoma kupanda resi, na dereva hana cha kufanya zaidi ya kupiga simu kama mtandao upo.

Mimi kwa gari ya kazi ya Ngorongoro na Serengeti nachagua 1HD-FT, ikikosekana 1HD-T. Pampu yao haitegemei kompyuta. Kwa juu ina kikombe chenye ngozi ya mpira kinachosikia presha ya turbo, presha ikipanda kinaongeza dizeli, ikishuka kinapunguza, kwaiyo kule mita 2,300 pampu inatuma mafuta kwa kadiri ya hewa iliyopo kweli. Waya za lazima ni chache mno, wa selenoidi ya kukata mafuta, wa plagi za joto, wa stata, na za geji. Dereva mwenye akili na waya futi mbili anaweza kuiwasha popote. Na kwa nguvu, fanya hesabu ya haki: 165 ya injini ya turbo kule juu inapungua kidogo sana, wakati 130 yako inakuwa 105, kwaiyo pale ukingoni wa kreta tofauti mnayokuwa nayo ni karibu hosipawa 60. Hiyo utaisikia mguuni, utapanda gia ya tatu pale unapopanda ya pili leo.

Kuna jambo moja la 1HD-T ambalo usikubali fundi yeyote akurukishe, beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Zile za miaka ya mwanzo zina sifa mbaya ya kuliwa mapema, injini inalia vizuri tu, oili presha ipo, siku moja inaanza kugonga na ikigonga mara nyingi kranki imeshaharibika. FT haina sifa hiyo kwa kiasi kile lakini nayo ina umri, ikague vile vile. Injini ikiwa bado ipo chini, haijaingia kwenye gari, geuza, fungua sampu, lile bakuli la oili la chini, fungua kofia za konrodi moja moja, na simama hapo hapo uangalie mwenyewe. Ganda la beringi ni kipande cha nusu duara, likiwa zima uso wake una kijivu tulivu, rangi moja pote. Likianza kuliwa kijivu kinachanika na chini yake inatokea shaba, kwanza madoa katikati, halafu mkanda mzima. Angalia zaidi ganda la juu, la upande wa konrodi, ndo linapokea kipigo kila dizeli inapowaka, la chini linaweza kuwa zuri na la juu limekwisha. Ukiona shaba hata kwenye silinda moja badilisha zote sita. Na hata usipoiona, kama ni T, badilisha tu, ganda ni bei ndogo ukilinganisha na kranki. Yanakuja kwa alama za saizi, fundi asome alama zilizopo kwenye kranki na konrodi asichukue tu boksi lolote, apime nafasi kwa kale kauzi ka plastiki, na nati zikazwe kwa spana ya torki, sio kwa nguvu za mkono na mazoea. Hapo hapo badilisha taimingi belti na tensheni yake, maana ni ya kilomita 100,000 na ya injini ya mtumba hujui imeshakula ngapi, badilisha pampu ya maji na sili ya nyuma ya kranki.

Kununua. Dar utazunguka Gerezani na Ilala, wengine wanaagiza wenyewe kutoka Sharjah au Japani. Vyovyote vile tafuta injini kamili, yenye turbo yake, pampu, alteneta, vakyumu pampu ya busta ya breki, na mabomba yote madogo, kwa sababu vile vidogo ukivitafuta kimoja kimoja vinakugeuka. Kama unaweza kupata gari iliyokatwa nusu ya mbele bora zaidi. Fungua kofia ya oili uangalie kama kuna ute wa kahawia wa maziwa, hiyo ina maana maji yameshaingia. Shika shafti ya turbo kwa vidole, kucheza kidogo sana kwa pembeni inakubalika, kwenda mbele na nyuma hapana, na mapanga yasiwe yamegusa ukuta. Omba iwashwe ikiwa pale chini, fundi mzuri anaiwasha kwa ndoo ya dizeli na betri. Namba ya injini kwenye bloku iwe inasomeka, ikiwa imepigwa grainda au imegongwa upya achana nayo hata kama ni ya bure, na dai risiti na karatasi za kuingilia nchini.

Angalia pia stata. VX nyingi za dizeli zilizotoka Japani kwa wenyewe zina stata ya volti 24 japo gari nzima ni ya 12. Gari yako ni ya volti 12. Ukiiunganisha hivyo hivyo itazunguka kivivu na utadhani betri mbovu. Weka stata ya 12 ya 1HZ yako, hakikisha meno yanalingana na ringi ya flaiwili, na angalia plagi za joto nazo ni za volti ngapi.

Kufunga kwenyewe ni sehemu rahisi kuliko watu wanavyodhani, na ndo faida ya kuchagua ndugu wa 1HZ. Mikono ya mauntingi ya 1HZ yako inahamia, belihauzingi ya giaboksi yako inakaa, na kwa kuwa injini nyingi za VX zimetoka kwenye gari za gia otomatiki hazina flaiwili, utatumia yako baada ya kuipeleka kwa tana ikasawazishwe uso. Sampu ya 80 umbo lake limekatwa kwa ajili ya eksoli ya 80, mara nyingi unarudishia sampu yako pamoja na mfyonzo wake wa oili, pima hilo kabla hujaifunga na sio ikiwa imeshaning'inia kwenye kreni. Bomba la oili la kurudi kutoka kwenye turbo lishuke moja kwa moja bila tumbo, oili ikisimama pale turbo itavuja moshi wa bluu na utaambiwa turbo mbovu. Mkonga wako na bomba la kuingiza hewa lisinyonywe na kubana, tumia bomba gumu au hosi yenye waya ndani. Ekzosi itengenezwe mpya yenye upana wa nchi tatu, usiunge na ile ya zamani.

Rejeta usibane hela. Ile ya 1HZ hata ikiwa nzima haina ziada. Tafuta ya shaba yenye safu nyingi zaidi, itengenezewe mabano yake, na kifuniko cha feni kirudi mahali pake, maana bila kile kifuniko feni inavuta hewa ya pembeni tu na rejeta haipozwi. Funga geji ya joto la ekzosi, geji ya presha ya turbo na kengele ya joto la maji inayolia kwa sauti, sindano ya dashibodi ya Toyota inakaa katikati muda mrefu hata joto linapokuwa linapanda, ikianza kuondoka pale umeshachelewa.

Giaboksi. Kwa mwaka wa gari yako ndani kuna H55F, ni ngumu, na Nm 360 hadi 380 inazibeba bila wasiwasi kama beringi zake ni nzima na dereva hatupi klachi. Wenye mikonga ya miaka ya 2000 yenye R151F wawe makini zaidi, ile ni nyepesi, gia ya tano inaumia, wao watafute H151F iliyokuja na VX ya manyua. Klachi funga ya HDJ80 mpya, diski na presha pleti, ya 1HZ itateleza mlima wa kwanza. Difu acha kama ilivyo, 4.1 na tairi za 7.50R16 zinakwenda vizuri na hii injini, na kama umeshaweka tairi kubwa zaidi kwa urembo zirudishe, zinakula nguvu ile ile unayoinunua.

Breki ndo watu wanazisahau kabisa. Gari itapanda haraka, halafu itashuka na uzito ule ule kuelekea Mto wa Mbu, kona zile unazijua, na breki ni zile zile za 1994, diski mbele ngoma nyuma. Kabla ya siku ya kwanza ya safari fungua zote, diski zisiwe nyembamba chini ya kipimo, pistoni za kalipa zisikwame, ngoma zisiwe na mfereji, fluidi yote imwagwe iwekwe mpya, hosi za mpira zibadilishwe, na busta ipimwe na vakyumu pampu ya injini mpya. Mteja wako hajui una 1HD, anajua tu amefika salama.

Kadi sasa. Namba ya injini na ukubwa wake vimeandikwa kwenye kadi ya gari, ukibadilisha injini taarifa zibadilishwe TRA, na polisi wakaguzi wa magari wanalinganisha namba iliyopo kwenye bloku na karatasi za kununulia. Fanya hivyo kabla gari haijaanza kazi na uitaarifu kampuni ya bima kwa maandishi. Ajali ikitokea na namba haziendani bima ina sababu ya kukataa kulipa, na hapo una wageni hospitali. Msomaji wa Kenya, kwako ni NTSA na logibuku, utaratibu ni ule ule wa kukaguliwa na kubadilisha taarifa.

Kuhusu hela sikutajii bei kwa sababu zinabadilika kila meli ikishusha, ila panga hivi: bei ya injini ihesabu kama nusu. Nusu nyingine ni beringi, belti, klachi, rejeta, ekzosi, geji, breki, ufundi na makaratasi. Mwenye hela ya injini tu asianze, gari itakaa gereji juu ya mawe msimu mzima wa Julai na Agosti wenzake wanabeba wageni. Kazi ifanyike Aprili na Mei mvua zikiwa zinanyesha na wageni wachache, ikitoka iende Karatu na kurudi ikiwa na mchanga kwenye viroba badala ya watu, mara kadhaa, huku unasoma geji. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kata filta uifungue uangalie ndani kama kuna chembe za shaba. Na madereva wafundishwe, wakifika juu ukingoni pale wageni wanaposhuka kupiga picha ya kreta injini isizimwe papo hapo, iachwe ingurume dakika mbili tatu turbo ipoe, oili isiungulie kwenye beringi yake.

1HZ uliyoitoa usiiuze mpaka msimu wa kwanza uishe. Ifunike, ziba matundu yote, weka oili kidogo kwenye silinda. Ikitokea injini ya mtumba imekuangusha mwezi wa Julai utairudisha ndani ya siku chache na gari itafanya kazi, polepole ila itafanya.

Anza na kompresheni mdogo wangu. Nitumie namba za silinda zote sita, na uzito wa gari ikiwa imejaa, tukiona hiyo 1HZ bado ni nzima tutaongea pia kama kupunguza kilo mia mbili tatu kwenye bodi hakutoshi kukuvusha msimu huu wakati unatafuta FT nzuri bila haraka.